Ethiopia wamezuia magari ya mafuta tangu 2024. Sisi wenye Bwawa la Nyerere tunasubiri nini?

Mtoto wa Utete (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima zenu.

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wakitangaza bei mpya za mafuta, jukwaa hili linajaa lawama. Ikifika Ijumaa tumeshasahau, tumerudi kwenye Simba na Yanga. Leo naomba tusilalamike kwanza, tuangalie jirani mmoja aliyechoka akaamua.

Januari 2024 waziri wa uchukuzi wa Ethiopia, Alemu Sime, aliwaambia wabunge wa kwao kwamba gari lisilo la umeme haliruhusiwi tena kuingizwa nchini. Hakutaja 2035 kama Wazungu, wala hakusema "mchakato unaendelea". Wengi huku nje walidhani ni mambo ya mazingira. Sababu waliyoitoa wenyewe ilikuwa dola. Mwaka 2023 walitumia karibu dola bilioni 6 kuagiza mafuta, na zaidi ya nusu ikaishia kwenye matangi ya magari. Kahawa, zao linalowaingizia fedha za kigeni kuliko mazao mengine yote, iliwaletea kama dola bilioni 1.4 mwaka wa fedha 2023/24. Kahawa yote ya Sidama, Jimma na Yirgacheffe haikutosha kulipia hata nusu ya mafuta ya magari peke yake!

Wakati huohuo wana mto. Bwawa lao la GERD kwenye Nile ya Bluu, Meles Zenawi aliweka jiwe la msingi Aprili 2011. Wananchi wakanunua hati fungani, watumishi wakakatwa mishahara. Mtambo wa kwanza ukawashwa Februari 2022, uzinduzi rasmi ukafanyika tarehe 9 Septemba 2025, uwezo wake MW 5,150. Umeme huo Mhabeshi anaulipia kwa birr. Petroli anailipia kwa dola ambazo hana. Hesabu yote ipo hapo, mengine ni mapambo.

Turudi nyumbani. Bwawa la Nyerere kule Rufiji ni MW 2,115, mitambo tisa ya MW 235 kila mmoja. Mtambo wa kwanza umewashwa Februari 2024, mwezi uliofuata tukasikia TANESCO wamezima baadhi ya vituo vya umeme wa maji kwa sababu umeme umezidi mahitaji. Nchi iliyotoka kwenye mgao juzi tu! (Kichekesho cha pembeni: bwawa letu limejengwa na Wamisri, Arab Contractors na Elsewedy, miaka ileile Misri inagombana na Ethiopia kuhusu bwawa lao. Siasa hiyo tuiache.)

Msimamo wangu, nisije nikalishwa maneno: sitaki tuige marufuku. Nataka tuige ngazi ya kodi waliyoiweka. Walipoianza, gari la umeme likija limekamilika lililipa ushuru wa forodha 15%. Likija nusu, likamaliziwa kuunganishwa kwao, 5%. Likija vipande vipande, sifuri. VAT na ushuru wa bidhaa walivitoa. Na kabla ya hapo, mwaka 2020, walishapandisha ushuru wa bidhaa kwa magari chakavu hadi kufika 500%. Ila sisi tuanze na vyombo vya kazi, yaani bajaji, bodaboda, daladala. Prado ya bosi inaweza kusubiri.

Karibuni, matusi weka pembeni.

---

Muuza IST

Mkuu, umeandika vizuri ila inaonekana hujawahi kukaa yadi ukasikiliza mteja. Mteja wangu anakuja na milioni 13, anataka IST, Passo au Vitz, anataka fundi wa chini ya mwembe aweze kuitengeneza, na akikwama aiuze kesho bila kupoteza. Ukimwambia 500% ya Ethiopia, umemwambia apande daladala maisha yake yote.

Na msidhani hatujajaribu. Nissan Leaf zimeshaletwa. Ngoja niwape elimu ya bure. Leaf kwenye dashibodi, pembeni ya kipimo cha chaji, kuna vijimstari 12 vinavyoonyesha afya ya betri. Siyo chaji, ni afya. Ile ya 2011 au 2012 mnadani Japan inaonekana imenyooka, rangi inang'aa, kilomita chache, halafu unazoom picha ya dashibodi unakuta vijimstari 8. Gari hiyo betri yake haina mfumo wa kuipoza, inategemea upepo tu. Ilete Dar na joto hili, ichaji kila siku. Utakuwa unatoka Mbezi kwenda Posta huku unaangalia kipimo kuliko barabara.

Bado TRA hawajakusalimia na ushuru wa uchakavu: miaka 8 hadi 10 unaongezewa 15%, zaidi ya hapo 30%. Kwa Leaf ya 2012 mimi naona ushuru huo ni wa haki kabisa, maana ni betri iliyochoka inatafuta pa kuzikwa.

---

Chai ya Rangi

Nimevuta kiti. Wenye Addis waje watuambie ukweli, msituletee habari za kwenye mitandao.

---

Msafiri wa Bole

Chai ya Rangi, nimekuja. Nipo Addis kikazi, makao makuu ya Umoja wa Afrika, nina miaka kadhaa hapa. Nitasema ninachokiona.

Mabadiliko ni ya kweli. Nilipofika, teksi ya mtaani ilikuwa Lada ya Kirusi, bluu na nyeupe, imekula chumvi nyingi kuliko dereva. Sasa hivi ukisimama barabara ya Bole jioni unaona BYD na Volkswagen ID.4 zilizotoka China zimejipanga kwenye foleni, na foleni yenyewe imepungua kelele. Serikali inasema magari ya umeme yameshafika kama laki moja. Kwa nchi yenye magari milioni moja na ushee, hiyo siyo mzaha.

Kuna jambo moja watu hawalisemi: Addis ipo juu, zaidi ya mita 2,300 toka usawa wa bahari, hali ya hewa ni ya baridi kiasi. Betri inapenda hivyo. Jirani yangu anakaa upande wa Entoto, asubuhi akiteremka mlima kuja mjini mota inarudisha umeme kwenye betri. Anafika chini ana chaji zaidi ya aliyotoka nayo juu, kwa asilimia mbili tatu hivi. Anapenda kunionyesha kila akinipa lifti. Jioni akipanda analipa deni lote, hapo haongei.

Sasa machungu. Wengi wanachaji nyumbani usiku, na kwa mwenye geti na maegesho hakuna shida. Lakini Addis imejaa kondominiamu, maghorofa ya watu wa kipato cha kati. Nimeona waya umeteremshwa toka dirisha la ghorofa ya pili mpaka kwenye gari, umefunikwa na mfuko wa nailoni mvua isiingie kwenye kiungio. Mlinzi anaukanyaga akipita.

Vituo vya kuchaji vya umma karibu vyote vipo Addis. Kwenda Adama, kama kilomita 100 kwa barabara ya kulipia, ni raha. Kwenda Hawassa, zaidi ya 250, unapanga safari kama rubani. Zaidi ya hapo watu wanaazima gari la petroli la shemeji.

Spea na mafundi ndiyo kilio kikubwa. Gari limegongwa taa, unasubiri China. Mafundi wanaojua kufungua betri ni wachache na wanajijua, bei zao wanazipanga wao.

Halafu Julai 2024 serikali ikaiachia birr ielee. Ilikuwa kama 57 kwa dola, ndani ya wiki chache ikapita 100. Gari la umeme bila kodi bado linanunuliwa China kwa dola, kwa hiyo kwa mwalimu au nesi hilo gari lilikimbia mara mbili. Wanaofaidi marufuku hii kwa sasa ni waliokuwa na uwezo wa kununua gari jipya toka mwanzo. Na waliokuwa na Vitz ya zamani, maana nayo imepanda thamani! Muuza IST ungefurahi hapa.

---

Muuza IST

Msafiri, hilo la mwisho ndilo nililotaka kusikia. Ukizuia mpya, chakavu inageuka dhahabu.

---

Mtoto wa Utete

Msafiri wa Bole, shukrani mkuu, umeshiba. Swali: malori ya Djibouti nayo?

---

Msafiri wa Bole

Malori ni dizeli, na ndiyo yanayobeba karibu kila kitu kinachotoka bandarini. Kuna reli ya umeme Addis hadi Djibouti, kilomita 750 hivi, ilizinduliwa 2016, inasaidia lakini haijaondoa malori. Na kuunganisha magari hapa siyo jambo jipya: Haile Gebrselassie, yule mkimbiaji, kampuni yake ya Marathon Motor iliunganisha Hyundai ya umeme 2020, kabla ya marufuku. Kwa hiyo ile ngazi ya kodi haikuja hewani, kulikuwa na watu wa kuipanda.

Ongezea hili kwenye mizani: karibu nusu ya Wahabeshi nyumbani kwao hakuna umeme kabisa. Kijijini ukimwambia mtu habari ya BYD anakuuliza taa inakuja lini.

---

Dereva Mbagala

Nyie mnaongelea magari ya watu wenye geti. Mimi niwaambie ya kwetu barabarani.

Naendesha bajaji ya petroli, ya bosi. Asubuhi natoka na deni la hesabu ya elfu 20. Mafuta kama lita 5 kwa siku, piga karibu elfu 15. Ndipo nianze kutafuta ya kwangu. Siku ya mvua au polisi wakiamka vibaya, nalala na hesabu ya bosi tu.

Kijiweni kwetu kuna wawili wana za umeme. Mmoja anacheka, mmoja analia, na bajaji ukiziangalia zinafanana. Anayecheka analala na chombo nyumbani kwake, anachaji usiku, asubuhi anapiga Rangi Tatu hadi Kariakoo na kurudi, mchana anachaji tena wakati anakula. Anayelia, chombo kilikuwa kinaenda vizuri miezi ya mwanzo, baadaye ikawa akipakia abiria watatu kwenye kilima kinanyong'onyea. Aliyemuuzia kamwambia "betri zimechoka, nunua nyingine". Bei aliyotajiwa ni ya kuanzia maisha upya.

Naomba fundi yeyote humu aniambie kwa nini.

---

Fundi Tabata

Dereva, nitakujibu bila kuona chombo na nina uhakika wa asilimia 90. Huyo anayelia ana betri za asidi. Zile nzito, nne au tano zimepangwa chini ya kiti, zinafanana na za gari au sola. Anayecheka ana lithiamu, boksi moja lililofungwa.

Betri ya asidi haipendi kumalizwa. Ukiishusha mpaka chini kila siku, kama kazi ya bajaji ilivyo, mwaka haumalizi vizuri. Ni rahisi kununua, ndiyo maana wauzaji wanaziweka ili bei ya chombo ionekane tamu. Lithiamu inaweza kula theluthi ya bei ya chombo kizima, lakini ukiitunza inakupa miaka. Kabla hujalipa mtu, funua kiti uangalie. Usiulize, angalia.

Sasa la LUKU, maana hili linawaumiza wengi kimyakimya. Nyumba nyingi za uswahilini zipo kundi la D1, uniti ni shilingi 100, na tozo na VAT inafika 122. Masharti yake ni usizidishe uniti 75 kwa mwezi. Bajaji ya lithiamu inakula, tuseme, uniti 8 kwa siku ya kazi. Siku 26 ni uniti 208. Hapo D1 umeiaga. Unahamia T1, uniti 292, na makato yake inafika kama 356.

Tupige. Uniti 208 mara 356 ni kama elfu 74. Lakini na zile uniti 60 ulizokuwa unatumia nyumbani kwa shilingi 7,320 sasa zinakugharimu elfu 21 na ushee. Yaani friji na pasi za mama watoto nazo zimepanda bei kwa sababu ya bajaji. Jumla ongezeko kama elfu 88 kwa mwezi. Linganisha na petroli ya Dereva, elfu 15 mara 26, laki 3 na elfu 90. Bado umeme umeshinda kwa mbali. Ila kama umepanga nyumba yenye mita moja na wapangaji watano, jiandae kwa kikao.

Na jamani, ekstensheni ya elfu 5 ya Kariakoo isichaji bajaji usiku kucha. Nimeshaitwa kwenye chumba ambacho soketi imeyeyuka ikateremka ukutani kama mshumaa. Vuta waya wa 4mm toka kwenye meinswichi, uwe na breka yake peke yake.

---

Dereva Mbagala

Fundi, Mungu akuweke. Kesho nafunua kiti cha jamaa.

---

Gesi Asilia

Wakuu mbona mnajitesa? Tuna gesi yetu ya Songosongo na Mtwara, bomba limefika Dar. Funga mfumo wa CNG, unalipa kama milioni mbili, gari lako lilelile la petroli linaendelea kula maisha. Hakuna betri ya kuchoka, hakuna kusubiri saa sita za chaji. Teksi za mitandaoni kibao Dar zinatumia gesi. Hatuhitaji kuiga mtu mwenye shida ya dola, na gesi hatuiagizi nje.

---

Mtoto wa Utete

Gesi Asilia, mimi sipingani na wewe, na kwa mwenye gari tayari ushauri wako ni bora kuliko wangu. Shida yako inaitwa foleni. Nenda Ubungo au Tazara saa kumi alfajiri uone teksi zilivyojipanga, madereva wamelala na miguu nje ya dirisha. Kituo kimoja cha gesi ni mradi wa mabilioni. Soketi ipo kila nyumba yenye LUKU. Ndiyo maana nasema tugawane: gari lililopo tayari lifungwe gesi, chombo kipya cha biashara kiwe cha umeme. Malori na mabasi ya mkoani tuyaache kwanza.

Tena tuna ushahidi wa kwetu. SGR ya Dar hadi Dodoma tangu 2024 inakwenda kwa umeme, na hakuna aliyeuliza kama nchi iko tayari. Watu walipanda tu.

---

Bwana Thika Road

Wakenya tuingie kidogo, tusionekane wachoyo.

Sisi hatukupiga marufuku, tulicheza na bei ya stima. Mwaka 2023 EPRA, mdhibiti wetu wa nishati, waliweka bei maalum ya kuchaji vyombo vya umeme: shilingi 16 za Kenya kwa uniti mchana, na 8 usiku, kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kodi. Kwa nini usiku? Kwa sababu Olkaria mvuke unatoka ardhini saa zote, hauwezi kuuambia ulale. Usiku watu wamezima taa, mvuke unaachiliwa hewani bure. Afadhali uingie kwenye betri ya nduthi, yaani bodaboda. Na mwaka huohuo Sheria ya Fedha ikaondoa VAT kwenye pikipiki na mabasi ya umeme.

Kwa nduthi kilichofanya kazi ni kubadilisha betri. Rider hanunui betri, ananunua pikipiki peke yake, bei inashuka. Betri ikiisha anaingia kituoni, anaacha ile, anapewa iliyojaa, anaondoka kabla abiria hajamaliza kuongea na simu. Betri ikichoka, hiyo ni shida ya kampuni. Kwa matatu kubwa, BasiGo wanaunganisha mabasi Thika, na mwenye basi analipia betri na chaji kwa kila kilomita anayokwenda.

Tusijisifu sana lakini. Ahadi ya serikali 2023 ilikuwa pikipiki za umeme 200,000 kufikia mwisho wa 2024. Tarehe ikafika, ikapita, hizo laki mbili hazikuonekana. Rais alijiendesha kwenye kigari kidogo cha umeme hadi KICC siku ya mkutano wa tabianchi, tukapiga picha, basi. Na Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, wenye kuchaji walikaa sawa na wenye friji.

---

Mama Pacha Kigali

Habari za jioni. Mimi ni Mtanzania ninaishi Kigali, nafanya biashara ya vitenge.

Huku walianza na misamaha ya kodi 2021, na kampuni za kubadilisha betri zilikuwepo hata kabla. Kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya ya abiria haisajiliwi Kigali kama siyo ya umeme. Zilizokuwepo za petroli zimeachwa zizeeke zenyewe. Naona huo ndio uungwana: hakuna aliyeamka asubuhi akakuta mkate wake ni haramu. Kaka mwanzisha uzi, hii ni kama ya kwako ya vyombo vya kazi, ila wao wamechagua mji mmoja na chombo kimoja. Kigali ni milima mitupu na mota inapanda bila kulia. Mimi abiria ninachopenda ni kutovuta moshi mgongoni mwa dereva.

---

Mchuuzi wa Arusha

Mnaongea kama umeme wa Rufiji umeshafika huku. Machi 2025 Rais akiwa Kilimanjaro alisema wazi kwamba kwa kanda ya kaskazini tutanunua umeme toka Ethiopia, unapita Kenya, kwa sababu kuuvuta toka kusini unapotea mwingi njiani. Watu walimshambulia sana mitandaoni. Lakini angalia ramani: Ethiopia hadi Suswa Kenya kuna laini ya zaidi ya kilomita 1,000, Kenya wananunua MW 200 toka 2022, na toka Kenya kuna laini imeungana na Singida.

Kwa hiyo tunachojadili hapa ni kichekesho kidogo. Bajaji ya umeme Arusha inaweza kuja kutembea kwa maji ya Nile ya Bluu, na tutaulipia kwa dola.

---

Fundi Tabata

Mchuuzi, umenichekesha lakini umegusa penye jeraha. Uzalishaji siyo tatizo tena, tatizo ni waya. Mtaani kwangu transfoma moja inahudumia nyumba nyingi mno, saa mbili usiku taa zinakuwa za njano. Weka bajaji 20 zichaji saa hiyohiyo uone. Ndiyo maana wazo la Wakenya la bei ya usiku wa manane nalikubali kuliko misamaha yote ya kodi: linamfanya mtu asubiri mpaka watu wamelala. Mita za LUKU tulizonazo nyingi hazijui saa ngapi, zinajua uniti tu. Hapo ndipo pa kuanzia.

---

Shemeji wa Oslo

Nichomekee. Norway, ambako 2024 karibu 89% ya magari mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme, walianza kufuta kodi tangu 1990 na wakavumilia zaidi ya miaka 20 bila kitu cha maana kuonekana. Umeme wao karibu wote ni wa maji. Mafuta yao wanawauzia wengine, unafiki mtamu. Lakini magari yalipojaa, hazina ikaanza kulia. Mwaka 2023 gari la umeme likaanza kulipa VAT kwa sehemu ya bei iliyozidi kroni 500,000, na lile suala la kupita bure kwenye barabara za kulipia limeondolewa kidogo kidogo.

Swali kwenu: Tanzania barabara zinatengenezwa kwa tozo iliyo ndani ya lita ya petroli. Bajaji ya umeme inakanyaga lami ileile. Nani atalipa?

---

Mtoto wa Utete

Shemeji, nilikuwa nangoja mtu aliulize. Mfuko wa Barabara unakula kwenye pampu, kweli. Lakini bajaji ya kilo 400 haichimbi lami, lami inachimbwa na semitrela la tani 50, na hilo bado litakuwa dizeli kwa muda mrefu. Siku daladala na magari binafsi yakifika mengi, iwekwe ada kwa mwaka kulingana na uzito, mapema, watu waijue kabla hawajanunua. Kinachoua ni kuvutia watu kwa msamaha leo, halafu bajeti ya Juni ijayo inakuja na tozo ya kushtukiza. Mtu amechukua mkopo wa miaka mitatu kwa hesabu za msamaha. Norway wana muda wa kubadilisha kwa hatua, sisi Juni moja inatosha kuua biashara.

---

Muuza IST

Hapo nakuunga mkono kwa mara ya kwanza. Sisi wa yadi kila Juni tunafunga swaumu.

---

Jinja Boy

Uganda hamjatutaja. Kiira EV ilitoka Makerere 2011, mikono ya wanafunzi na walimu wao, basi la sola la Kayoola likaja 2016, na kiwanda kipo hapa Jinja. Tumeanza kabla ya majirani wote mnaowataja. Haya, endeleeni.

---

Bwana Thika Road

Jinja Boy, mmeanza kabla ya wote, na boda za Kampala bado zinatoa moshi. Serikali yenu iliweka pesa kwenye basi, riziki ya mtaani ipo kwenye boda. Ndicho anachosema mwenye uzi.

---

Jinja Boy

Basi nalo linabeba watu 90, ndugu yangu. Boda inabeba wawili na mbuzi.

---

Dereva Mbagala

Wakuu, nimerudi. Nimefunua kiti cha jamaa, ni betri za asidi tano, mbili zimevimba. Fundi alisema.

Sasa kuna mtu amenifuata kijiweni, anatoa bajaji za umeme kwa mkataba. Lithiamu, nimeangalia kwa macho yangu, boksi moja. Nalipa elfu 25 kila siku kwa miezi 24, halafu chombo kinakuwa changu. Kwa kuwa silipi petroli, naona naweza. Kuna mtego?

---

Fundi Tabata

Elfu 25 siyo mbaya, hata ukiongeza chaji ya kama elfu 3. Kwenye mkataba tafuta vitu vitatu. Betri ikishuka chini ya kiwango fulani kabla ya miezi 24, nani anaibadilisha? Kiwango chenyewe kiandikwe kwa namba, siyo "ikiharibika". Siku chombo kipo gereji kwa kosa la betri au kontrola, hesabu inasimama au inaendelea? Na kama wana kifaa cha kuzima chombo kwa mbali ukichelewa kulipa, wanakupa saa ngapi kabla ya kukizima? Mwenzako mmoja alizimiwa akiwa na mgonjwa.

---

Mtoto wa Utete

Na risiti ya kila siku, Dereva. Lipa kwa simu, usimpe mtu pesa mkononi. Ukiupata huo mkataba, ziba majina, uuweke hapa tuusome wote. Kuna wakili au wawili humu wanajifanya wamelala.

---

Dereva Mbagala

Nimemuuliza la betri. Amesema dhamana ni miezi 12, mkataba ni miezi 24. Nimemwambia dhamana na mkataba viende sawa, ama hesabu ishuke hadi elfu 18 baada ya mwaka. Amesema ataongea na ofisi. Tangu jana hapokei simu.